Kwanini skizoafektivi inasumbua sana kuigundua? Karibuni tujadili kabla hatujawatukana madaktari

Shajara (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu, huu uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Kila mada ya magonjwa ya akili ikiwekwa humu lazima atokee mtu aseme ndugu yake mwanzo aliambiwa ana sonona, baadae ikawa baipola, baadae skizofrenia, saizi karatasi inasema skizoafektivi, na chini yake zinafuata komenti za kusema madaktari wa akili wanabahatisha. Mimi nina kaka mwenye huu ugonjwa na faili lake limepitia karibu majina hayo yote kwahiyo hasira naijua vizuri. Ila nilivyokaa nikasoma na kuwauliza wanaomtibu nimeona sehemu kubwa ya tatizo ipo kwenye namna ugonjwa wenyewe ulivyowekewa vigezo. Jina la huu ugonjwa linategemea tarehe kuliko linavyotegemea dalili.

Nieleze taratibu. Skizofrenia kiini chake ni saikosisi, yaani mtu anasikia sauti ambazo wengine hamzisikii, anaamini kwa nguvu zote kitu ambacho hakipo (anafuatiliwa, amewekewa sumu, redio inamtaja yeye) na hata umletee ushahidi gani humtoi hapo, maongezi yanakatika katika. Baipola na sonona kiini chake ni mudi, yaani hali ya hisia, kupanda sana (ndo mania) au kushuka sana (ndo sonona). Skizoafektivi ni pale vitu vyote viwili vipo kwa mtu mmoja.

Hapo utasema sasa kazi iko wapi, ukiona vyote viwili si unaandika skizoafektivi unaendelea na mgonjwa mwingine. Hapana. Mania kali ya baipola inaleta sauti na imani za ajabu yenyewe. Sonona ikizidi sana nayo inaleta, mtu anasikia sauti inamwambia hana thamani au anaamini viungo vya ndani vimeoza. Na mtu wa skizofrenia naye ni binadamu, anaweza kupata sonona katikati ya ugonjwa wake. Kwahiyo ukiwakalisha watu watatu, mmoja wa baipola yenye saikosisi, mmoja wa skizofrenia aliyeshuka mudi, mmoja wa skizoafektivi, siku wakiwa wamechafukwa unaweza usiwatofautishe kabisa.

Kinachowatenganisha ni mpangilio wa muda. Kitabu cha vigezo cha Wamarekani, DSM-5 kilichotoka 2013, kinataka vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza, katika historia ya ugonjwa kuwe na kipindi cha wiki 2 au zaidi ambacho sauti au imani potofu zipo HUKU hakuna sonona kamili wala mania kamili. Cha pili, hivyo vipindi vya mudi vichukue zaidi ya nusu ya muda wote wa ugonjwa. Kikikosekana cha kwanza, yaani saikosisi inakuja na mudi na inaondoka na mudi, hiyo inarudi kwenye baipola au sonona yenye saikosisi. Kikikosekana cha pili, mudi ilisumbua kidogo tu ukilinganisha na muda wote, hiyo ni skizofrenia. Skizoafektivi inakaa katikati, kwenye kiuchochoro chembamba kweli.

Sasa nambieni, hizo wiki 2 anazijua nani? Mgonjwa mwenyewe ndo alikuwa anaumwa. Daktari anamuona siku ameletwa akiwa amevurugika, dakika chache, alafu baada ya hapo kliniki mara moja moja. Nyumbani tulikuwa tunahangaika tu kumlinda asitoke usiku, nani alikuwa anaandika kwamba tarehe fulani mudi imekaa sawa ila sauti bado zipo?

Karibuni wenye ujuzi na uzoefu. Nitarudi.

---

Kiberiti_Baridi

Nimesoma yote. So kwa maneno mengine hakuna kipimo cha damu, hakuna picha ya ubongo, kinachofanyika ni mtu anakuuliza maswali alafu anaandika jina. Kisukari kinapimwa, presha inapimwa. Hii ni maoni ya mtu tu mkuu, tusipambe.

---

Zamu_ya_Usiku

Kiberiti_Baridi nimefanya kazi wodi ya akili miaka mingi kwahiyo nijibu hilo. Ni kweli hakuna kipimo kinachosema hii ni skizoafektivi. Ila vipimo vinafanyika na ni vya lazima, kazi yake ni kuondoa magonjwa mengine yanayojifananisha. Tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi mtu anaweza kuonekana ana mania, likilegea anaonekana ana sonona na wengine wanafika mpaka saikosisi. Kaswende iliyofika kwenye ubongo, virusi vya ukimwi, kifafa kinachoanzia pembeni ya ubongo, lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), upungufu wa vitamini B12, hata dawa za steroidi alizopewa mtu kwa ugonjwa mwingine kabisa. Alafu kuna ule ugonjwa wa ubongo kuvimba (sio kansa) ambao kinga ya mwili inashambulia vipokezi vya NMDA, yaani milango ya mawasiliano kwenye seli za ubongo, ulielezwa 2007, wengi wanaoupata ni mabinti na vijana na mara nyingi huanza na mambo yanayofanana na wazimu ndo baadae degedege na kupoteza fahamu vinafuata. Huyo ukimuacha wodi ya akili ukamchoma sindano za kutuliza tu unaweza kumpoteza, na wakati ugonjwa wenyewe unatibika.

Kwahiyo mtu anapoletwa ghafla, hajawahi kuumwa, ana homa au shingo imekaza au anachanganya mchana na usiku, hapo hatuongelei skizoafektivi kabisa. Kwanza mwili.

Alafu Shajara umegusa muda, mimi niongezee kitu kinachotusumbua wodini kila siku. Skizofrenia ina dalili za kupungukiwa: mtu anakaa kimya, uso hauonyeshi hisia, haogi, hana hamu na kitu chochote, haongei mpaka umuulize. Mwangalie kwa mbali, utasema ana sonona. Na dawa zetu nazo zinaleta hivyo hivyo, antisaikotiki (dawa za saikosisi) za zamani hasa zinaweza kumkakamaza mtu akawa mzito, uso umeganda, anatembea pole pole. Sasa nikiandika kwenye ripoti "mgonjwa amejitenga, hana furaha", nimeandika nini hapo? Sonona? Skizofrenia? Dozi kubwa? Daktari akisoma asubuhi ndo anajengea hapo hapo. DSM-5 imejaribu kuziba huo mwanya kwa kudai huzuni yenyewe iwepo, kukosa hamu peke yake hakutoshi kuhesabika sonona kwenye hii diagnosisi. Ila mtu asiyeongea utamtoa wapi neno huzuni?

Upande wa pili kuna ile hali dawa inamfanya mtu asitulie, miguu inamuwasha kwa ndani, anasimama anakaa anatembea korido nzima. Ndugu wakija kumsalimia wanasema amepanda tena. Hajapanda, ni dawa. Na ukimuongezea dozi ile ile unamzidishia.

---

Kiberiti_Baridi

Hapo nimekuelewa, la vipimo nalifuta. Ila la kubadilisha majina bado halijanikaa.

---

Shajara

Kiberiti_Baridi hilo ndo lilinisumbua na mimi kwa muda mrefu. Angalia hivi. Kigezo kinasema mudi iwe zaidi ya nusu ya muda wa ugonjwa. Chukua mtu, mwaka wa kwanza ana miezi nane ya mania na sonona ndani yake kukiwa na sauti, alafu wiki kadhaa za sauti tupu. Daktari anaandika skizoafektivi, yuko sahihi. Miaka minne inayofuata mudi haijasumbua tena ila sauti na imani potofu hazijaondoka. Piga hesabu upya, mudi sasa ni sehemu ndogo ya muda wote, jina linahamia skizofrenia. Daktari wa pili naye yuko sahihi. Wa kwanza hakukosea na ugonjwa haukubadilika, ni hesabu imesogea.

Na kuna kichekesho ndani yake ambacho sijawahi kukipenda: mtu akitibiwa mudi vizuri na dawa za kutuliza mudi, vipindi vya mudi vinapungua, kwahiyo mafanikio ya matibabu yenyewe yanamsogeza kwenye jina ambalo watu wanaliogopa zaidi. Sijui nani aliliona hilo akaona sawa tu.

---

Utulivu_wa_Asubuhi

Mimi ndo mgonjwa mwenyewe, aina ya baipola (maana zipo mbili, ya baipola yenye mania na ya sonona peke yake, hamjaitaja). Naombeni niseme kitu ambacho naona wote mnakizunguka. Mnaongelea daktari na ndugu, ila habari nyingi anazo mgonjwa na HASEMI.

Mtu akiwa chini kwenye sonona anaenda hospitali mwenyewe kwa sababu anateseka. Pale anaongelea usingizi, kulia, kuchoka. Sauti hasemi. Mimi sikusema kwa sababu niliogopa kulazwa na sauti zenyewe zilikuwa zinaniambia nisiseme, na pia nilikuwa nimezizoea kiasi kwamba sikuziona kama ugonjwa. Kwahiyo kwenye faili ni sonona. Niliandikiwa dawa ya sonona peke yake nikapanda vibaya mno, silali, naongea na kila mtu, nina mpango wa kuokoa dunia. Sasa mtu aliyepanda haendi hospitali, ANAPELEKWA, tena mara nyingi hospitali nyingine kabisa. Kule wanaona mania na imani za ajabu, wanaandika baipola yenye saikosisi. Faili la kwanza hawana. Ukitoka pale umetulia, ule muda wa katikati ambao mudi iko sawa ila sauti zipo unakuwa unafanya kazi, unasalimia watu, nani atakupeleka hospitali? Hakuna.

Mnaona? Kile kipindi ambacho vigezo vinakidai, zile wiki 2 za sauti bila mudi, ndo kipindi ambacho mtu hana sababu ya kuwa mbele ya daktari. Kwangu kilijulikana siku daktari mmoja mtaratibu aliponiuliza, bila kunitisha, "ukiwa na siku nzuri kabisa, kichwani kunakuwa kimya?" Nikajibu hapana, hakujawahi kuwa kimya. Akaweka kalamu chini tukaanza upya.

---

Zamu_ya_Usiku

Utulivu_wa_Asubuhi hilo swali nalichukua, naenda kulitumia kazini. Sisi tunauliza "unasikia sauti?" mgonjwa anasema hapana tunatiki hapana.

---

Mchapakazi_Tu

Na bangi je? Mdogo wangu wa kiume alianza kuvuta sekondari, baadae ndo hayo mambo yakaanza, hospitali wanasema tusubiri kwanza hawawezi kusema ni nini. Tunasubiri nini wakati mtu anaumia?

---

Stetho_Kuukuu

Mchapakazi_Tu wanachosubiri ni ulevi utoke kwenye picha. Bangi, amfetamini, kokeini, pombe yenyewe au kuiacha ghafla, vyote vinaweza kuleta saikosisi na kuvuruga mudi. Vigezo vinaangalia kama dalili zilianza kabla ya kutumia na kama zinaendelea muda wa kutosha baada ya kuacha kabisa, mwezi mmoja hivi ndo unatajwa kama mfano. Shida ni kwamba wengi hawaachi huo mwezi mzima, au wanasema wameacha wakati hawajaacha, na wengine walianza kuvuta kwa ajili ya kunyamazisha sauti zilizokuwepo tayari, hapo ndo utajua kuku na yai. Bangi yenyewe inaongeza hatari ya saikosisi hasa kwa aliyeanza mdogo na anayevuta mara kwa mara, ila haimaanishi kila aliyevuta akaumwa ni bangi peke yake. Kusubiri jina hakumaanishi kusubiri matibabu lakini. Kama anaumia atibiwe sasa hivi kwa dalili alizonazo, jina litakuja. Kama wamekwambia mkae nyumbani bila dawa yoyote rudini mkaulize tena.

Mimi ni daktari, sio bingwa wa akili ila nimepita huko. Nataka niwarudishe nyuma kidogo maana mnawalaumu madaktari wa leo kwa kitu kilichoanza zamani.

Mwishoni mwa karne ya 19 Emil Kraepelin, Mjerumani, aligawa wazimu mkubwa mafungu mawili, fungu moja ndo tunaloita skizofrenia leo, la pili ndo baipola na sonona kali. Mgawo ukapendwa dunia nzima kwa sababu ulirahisisha. Mwaka 1920 yeye mwenyewe akaandika kwamba wapo wagonjwa wengi tu ambao huwezi kuwaweka upande mmoja kwa uhakika. 1933 Jacob Kasanin huko Marekani akaelezea wagonjwa 9, vijana, waliokuwa vizuri tu kabla, wakaugua ghafla baada ya msukosuko, saikosisi na mudi kwa pamoja, na wengi wakapona. Yeye ndo akaleta hilo jina la skizoafektivi. Ukiwaangalia wale 9 kwa vigezo vya leo kuna ambao wasingepewa hilo jina.

Kilichofuata ni vituko. DSM ya pili, 1968, ikaiweka kama aina ya skizofrenia. Ya tatu, 1980, wakati magonjwa mengine yote yanaandikiwa vigezo vya kuhesabu, hii ikaachwa bila vigezo kwa sababu wakubwa hawakukubaliana. Vigezo vikaja 1987. Hicho cha "zaidi ya nusu ya muda" kimekuja 2013, kabla ya hapo ilikuwa mudi iwe "sehemu kubwa" ya muda, kubwa kiasi gani kila mtu na lake.

Na hapo ni kitabu kimoja. Shirika la Afya Duniani lina chao, ICD-11, kimeanza kutumika rasmi 2022, na kinaangalia tofauti KABISA. Hakijali historia yote ya maisha, kinaangalia kipindi hiki cha ugonjwa: dalili kamili za skizofrenia na mudi mbovu ya wastani au kali vipo kwa wakati mmoja, vimeanza pamoja au vimepishana siku chache, vimedumu angalau mwezi. Kwahiyo mtu mwenye saikosisi na mania zilizoanza pamoja zikadumu wiki sita zikaisha pamoja, kwa ICD-11 anaweza kuwa skizoafektivi na kwa DSM-5 akawa baipola yenye saikosisi. Mtu mmoja, siku moja, dalili zile zile. Ukihama nchi au ukihama hospitali jina linaweza kubadilika na hakuna aliyekosea.

---

Kiberiti_Baridi

Daah. Sasa daktari umenisaidia mimi au umenimaliza? Maana hapo umethibitisha nilichosema mwanzo, hii kitu haipo, ni mipaka ya kuchora tu kwenye karatasi.

---

Stetho_Kuukuu

Mipaka ni ya kuchora, wagonjwa sio wa kuchora. Kuna wataalamu wanaotaka hilo jina lifutwe kabisa, wanasema skizofrenia na baipola zina mwendelezo mmoja na huyu ni mtu wa katikati, na utafiti wa jeni unawapa nguvu kwa sababu jeni nyingi zinazoongeza hatari ya skizofrenia ndo hizo hizo zinaongeza hatari ya baipola. Binafsi naelekea huko. Ila mpaka kipatikane kitu bora, huyu mtu wa katikati ukimlazimisha upande mmoja unamnyima nusu ya matibabu.

Alafu usidhani skizoafektivi peke yake ndo inayumba. Wakati DSM-5 inaandaliwa walifanya majaribio Marekani na Canada, madaktari wawili wanamhoji mgonjwa mmoja kila mtu kivyake, alafu wanaangalia wamekubaliana kiasi gani, 1 ni kukubaliana moja kwa moja na 0 ni bahati nasibu. Skizoafektivi ilipata 0.50, skizofrenia 0.46, baipola aina ya kwanza (yenye mania kamili) 0.56. Sonona kubwa, ambayo kila mtu anadhani anaijua, ilipata 0.28. Lakini zingatia kwamba pale mahojiano mawili yalifanyika karibu karibu. Hayakupima kama baada ya miaka mitano jina litabaki.

---

Nuru_Njema

Mimi nauliza tu kwa nia njema. Kuna watu wanasikia sauti kwenye maombi, au mtu amefiwa anamsikia marehemu akimuita. Nao wanaandikiwa haya majina?

---

Zamu_ya_Usiku

Hawatakiwi kuandikiwa. Imani ambayo jamii yako au dini yako nzima inaishiriki haihesabiwi imani potofu, na aliyefiwa kusikia sauti ya marehemu kwa muda ni kitu cha kawaida. Tunaangalia kama hata watu wa imani hiyo hiyo wanashangaa, na kama mtu ameacha kula, kulala, kazi. Makosa yapo lakini, hasa daktari asipoijua lugha au mila za mgonjwa. Marekani inajulikana kabisa kwamba mtu mweusi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuandikiwa skizofrenia kuliko mzungu, na dalili zake za mudi zinapitwa. Kwa ugonjwa kama huu ambao mudi ndo inayoamua jina, hilo ni pengo kubwa.

---

Mchapakazi_Tu

Asanteni, nimewapelekea wazazi hizo komenti. Swali la mwisho, hivi jina lina umuhimu gani kama dawa ni zile zile?

---

Stetho_Kuukuu

Sio zile zile kabisa. Antisaikotiki karibu wote watapewa. Paliperidone ndo iliyopitishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mahususi kwa skizoafektivi, 2009, zingine zinatumika kwa uzoefu wa magonjwa jirani. Juu ya hapo aina ya baipola inaongezewa kituliza mudi kama lithiamu au valproeti, aina ya sonona inaweza kuongezewa dawa ya sonona. Ukikosea ukampa mtu wa aina ya baipola dawa ya sonona tupu, si mmemsikia Utulivu alivyopanda. Ukimwita skizofrenia tu ukasahau mudi, anaweza akawa hasikii tena sauti lakini ana sonona nzito ambayo hakuna anayeitibu, na kwenye haya magonjwa hatari ya mtu kujiua ni ya kweli, mara nyingi inakuja na hiyo sonona. Muulizeni mtu wenu waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, na akisema ndiyo msimuache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Na lithiamu inataka damu ipimwe mara kwa mara, figo na tezi vilevile, valproeti ina madhara makubwa kwa mtoto tumboni, kwahiyo mwanamke mwenye uwezo wa kushika mimba asiandikiwe kirahisi rahisi. Huwezi kumbebesha mtu mzigo huo kwa miaka kama hauhitaji.

---

Shajara

Nimerudi. Nimeona PM nyingi zinauliza nyumbani tufanye nini, nijibu hapa wote mpate.

Sisi kilichotusaidia ni daftari. Sio la kuandika insha, tarehe na mistari miwili: mudi ikoje, sauti au zile imani zipo au hazipo, amelala masaa mangapi, dawa amemeza au ameruka, ametumia kilevi au hapana. Muhimu kuliko vyote ni kutenganisha mudi na saikosisi, msiandike "leo ameamka vibaya" maana hilo neno halimsaidii mtu yeyote. Andikeni alichosema na alichofanya. "Amekataa chakula anasema kina sumu, lakini anacheka na kupiga stori na watoto" ni sentensi ya thamani sana kwa daktari kwa sababu inaonyesha imani potofu ipo na mudi haijashuka wala haijapanda. Ziwe za namna hiyo wiki mbili mfululizo, basi mmempa kile ambacho hakuna kipimo kingempa.

Kwa miaka iliyopita ambayo hamkuandika, msijaribu kukumbuka tarehe, kumbukeni matukio. Wakati wa ule msiba alikuwaje? Alivyofanya mtihani? Tulivyohama nyumba? Sisi tulikaa na mama na shangazi tukachora mstari mrefu kwenye karatasi, juu tunaweka mudi chini tunaweka sauti, tukabishana sana, shangazi anakumbuka vitu mama alivyovisahau au alikuwa anavificha. Lile karatasi daktari alilitazama kuliko faili lote. Na kaka mwenyewe tulimshirikisha akiwa ametulia, kuna mahali alitusahihisha, tulipoweka sonona akasema hapana pale sikuwa na huzuni, nilikuwa nasikiliza.

Alafu ombeni muhtasari kila mnapotoka wodini. Mkihama hospitali muende nao. Nusu ya haya majina kubadilika badilika ni mafaili yasiyoonana.

---

Utulivu_wa_Asubuhi

Naongeza moja, daftari liwe la wazi. Mimi nilipogundua nyumbani wananiandika kwa siri nilikuwa kwenye kipindi cha kuamini nafuatiliwa, mnaweza kupiga picha kilichofuata. Saizi najiandika mwenyewe, dada anaongezea ya kwake pembeni, tunapishana mara nyingi na daktari anasema hiyo tofauti yetu nayo inamwambia kitu.

---

Kiberiti_Baridi

Sawa, swali la kufungia kwa upande wangu. Binamu yangu wamempa hili jina wiki iliyopita. Nikiwasindikiza kliniki nimuulize nini daktari bila kuonekana najifanya mjuaji?

---

Stetho_Kuukuu

Muulize hivi: "Ni magonjwa gani mengine mlikuwa mnayafikiria, na mkiona nini huko mbele mtabadilisha mawazo?" Daktari anayejua anachofanya atakujibu bila kuudhika, atakwambia labda tunaangalia kama sauti zitaondoka mudi ikitulia. Na kwa huyo binamu yako wiki ya kwanza hii mimi ningeandika kwa penseli. Ukiambiwa ni skizoafektivi kwa uhakika kabisa siku ya kwanza ya kuonana, ulizia hizo wiki 2 wamezipata wapi.

---

Kiberiti_Baridi

Kliniki ni Jumatano. Nitaleta majibu.